Ung'ataji Kucha: Istilahi Iliyobeba Mazoea

Tabia ya kung'ata kucha madaktari huiita onikofajia. Jina hilo limeundwa kwa Kigiriki: onyx, yaani ukucha, na phagein, kula. Ukilifuata neno kwa neno utapata "ulaji kucha", na hapo ndipo pa kusita, kwa kuwa wengi wenye tabia hii hawali kitu. Hung'ata, wakatema, kisha wakahamia kwenye ngozi ya pembeni mpaka itoke damu.

Istilahi inayofaa zaidi ni ung'ataji kucha. Uzuri wake umo katika ile -aji ya mwisho. Aliyeonja sigara mara moja haitwi mvutaji. Mvutaji ni yule ambaye kuvuta kumekuwa mazoea yake. Mng'ataji naye ni vivyo hivyo: yumo katika chumba cha mtihani, au anasubiri majibu ya hospitali, na mkono umekwisha fika kinywani kabla hajajua. Hali ikidumu miaka na kuleta madhara, huongezwa sugu, neno lilelile tunalolitumia kwa ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa kila siku.

Madhara yenyewe si madogo. Kidole huvimba na kutunga usaha, ndio mdudu kidole. Chunjua huhama kutoka kidoleni hadi mdomoni. Mayai ya minyoo hupata njia. Meno ya mbele hulika.

Nyumbani tiba ya kwanza huwa pilipili au shubiri, pamoja na makofi. Pilipili humchoma mtoto macho anapojifuta uso, na makofi humwongezea wasiwasi, ambao mara nyingi ndio uliomfanya ang'ate. Rangi chungu za kucha zinazouzwa madukani hazina ukali huo. Nyingi zina denatoniamu, kemikali chungu kupita kiasi iliyogunduliwa Scotland mwaka 1958. Husaidia kumgutusha mtu, lakini mazoea yenyewe hayang'oki kwa uchungu peke yake.

Mbinu iliyojengwa juu ya mazoea ni ya wanasaikolojia wa Marekani Nathan Azrin na Gregory Nunn, walioichapisha mwaka 1973. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita ugeuzaji mazoea. Kwanza mtu hujifunza kujikamata: anang'ata saa ngapi, akiwa wapi, akiwaza nini. Kisha, hamu inapomjia, huupa mkono kazi nyingine isiyopatana na kung'ata, kama kukunja ngumi au kushika kalamu kwa dakika chache hadi hamu ipite. Mtu wa karibu humkumbusha kwa upole na kumsifu anapofaulu. Hapa jina na tiba vinakutana: kilichoingia kwa kurudiwa hutolewa kwa kurudia kingine.

Mzazi, mpe mwanao muda. Ukucha wa mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi, hivyo ukucha mzima huhitaji kama miezi 6 kurudi.