Mwasho wa ngozi kwa mbwa

Mwasho ni hali inayomfanya mbwa ajikune, ajilambe, ajing'ate au ajisugue ukutani kupita kawaida yake. Wenyewe si ugonjwa bali ni dalili, na yanayouleta ni mengi: viroboto, wadudu wa upele, chawa, bakteria na fangasi wa ngozini, mzio wa chakula, mzio wa vumbi na chavua. Yote hayo humfikisha mbwa pale pale, manyoya kunyonyoka na ngozi kuchubuka, ndiyo maana wafugaji wengi hutafuta dawa ya kutuliza kabla ya kujua kinachowasha. Hapo ndipo kazi inapoharibika. Kwa mbwa wa nchi za joto kama za Afrika Mashariki, anayelala uani na kukutana na mbwa wa mtaa mzima, cha kwanza ni kuwaua vimelea, hata pale ambapo hakuna aliyewaona.

Neno hilo la mwisho ndilo linalobishaniwa zaidi. Mwenye mbwa hufunua manyoya, hakuti kiroboto hata mmoja, akahitimisha kwamba tatizo ni chakula. Lakini kiroboto anayewasumbua mbwa zaidi duniani, Ctenocephalides felis (ambaye jina lake, ajabu, ni la paka), anaweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku, na mayai hayo hayang'ang'anii manyoyani. Hudondoka pale mbwa anapolala. Inakadiriwa kuwa viroboto wazima ni kama asilimia 5 tu ya jamii nzima, na waliobaki ni mayai, mabuu na mapupa yaliyojificha katika vumbi, nyufa za sakafu na gunia la kulalia. Isitoshe, mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto huwashwa vikali kwa kuumwa mara chache tu, na kwa vile hujing'ata kutwa, huumeza ushahidi wenyewe. Kinachobaki ni alama: manyoya yamepungua kiunoni, karibu na shina la mkia. Ukipachana hapo kwa kitana chenye meno ya karibu, kisha ukakung'utia chembe nyeusi juu ya kitambaa cheupe kilicholowa, chembe zinazoacha doa la rangi ya kutu ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya mbwa iliyokwisha kumeng'enywa.

Upele ni mgumu zaidi kuuthibitisha. Jike la Sarcoptes scabiei huchimba njia katika tabaka la juu la ngozi na kutaga humo, na kutoka yai hadi mdudu mzima hupita wiki mbili au tatu. Huanzia kingo za masikio, viwiko, visigino vya miguu ya nyuma na tumboni. Ukisugua ukingo wa sikio kati ya vidole viwili, mbwa mwenye upele mara nyingi hurusha mguu wa nyuma kana kwamba anaikuna hewa. Huenda na watu wa nyumbani wakatoka vipele vinavyowasha, ambavyo hupotea mbwa akitibiwa. Daktari wa mifugo hukwangua ngozi na kuitazama kwa darubini, ila wadudu hawa huweza kuwa wachache kiasi kwamba kuwakosa hakuthibitishi kuwa hawapo. Kwa hiyo tiba yenyewe hugeuka kipimo: mbwa hupewa dawa ya upele, na mwasho ukiisha ndani ya wiki chache, jibu limepatikana. Mbwa wote wa nyumba hutibiwa siku moja, hata wasiojikuna, na matandiko huoshwa.

Wapo watakaosema ni ukatili kumwacha mnyama akijirarua huku predinisoloni, dawa ya steroidi, ingemtuliza kwa siku moja. Ni kweli hutuliza, na daktari anaweza kuitoa kwa siku chache pamoja na dawa ya vimelea. Ubaya ni kuitoa peke yake. Hunyamazisha mwasho wa kila asili, hivyo dalili iliyokuwa ikionyesha njia hupotea. Hushusha kinga, wadudu wakaongezeka chini ya ngozi iliyotulia. Na ikiendelezwa, mbwa hunywa maji, hukojoa na kula kupita kiasi. Oklasitinibi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, hupunguza mwasho wa mzio bila madhara mengi ya steroidi, lakini nayo haiui kiroboto hata mmoja.

Hoja ya gharama ina uzito zaidi, kwani ndiyo inayowapeleka watu kwenye oili chafu ya gari. Mafuta hayo yana mabaki ya sumu, na mbwa atayalamba. Amitrazi ya kuogeshea ng'ombe, isipozimuliwa kwa kipimo cha mbwa, humlevya na kupunguza mapigo ya moyo. Sindano ya ivamektini ya mifugo kwa kawaida ina miligramu 10 katika kila mililita, wakati dozi ya upele kwa mbwa wa kilo 10 ni sehemu ndogo tu ya mililita hiyo. Kwa mbwa wa jamii ya Collie wenye kasoro ya jeni iliyotambuliwa mwaka 2001, hata dozi hiyo inaweza kuua. Vidonge vya fluralana na afoksolana, vilivyoingia sokoni katika miaka ya 2010, huua viroboto, kupe na wadudu wa upele kwa pamoja, na fluralana hukaa mwilini wiki 12 hivi. Vina bei, na mbwa mwenye kifafa asipewe bila daktari, lakini wiki 12 za sabuni, mafuta na sindano za kubahatisha nazo zina bei.

Mwasho ukibaki baada ya vimelea kuondoka, huangaliwa ngozi yenye harufu na mafuta, dalili ya fangasi au bakteria, na shampuu ya klorheksidini huachwa mwilini dakika 10 kabla ya kusuuzwa. Kisha chakula: aina moja ya nyama ambayo mbwa hajawahi kula, kwa wiki 8 bila mabaki ya mezani, halafu chakula cha zamani kirudishwe makusudi kuona kama mwasho utarudi. Wanaobaki ni wenye mzio wa vumbi na chavua, ambao kwa kawaida huanza kati ya miezi 6 na miaka 3, na hujulikana kwa nyayo zilizolambwa mpaka manyoya meupe yakageuka rangi ya kahawia kwa mate.