Udhibiti wa msongamano katika mitandao ya kompyuta

Udhibiti wa msongamano ni jumla ya mbinu zinazozuia data kuingia mtandaoni kwa wingi unaozidi uwezo wa njia zake. Data husafiri katika vipande viitwavyo pakiti, vinavyoelekezwa na vifaa viitwavyo ruta. Pakiti zikifika kwa wingi, ruta huzipanga foleni katika kumbukumbu yake. Foleni ikijaa, zinazofuata hutupwa.

Pakiti isiyopata jibu kwa wakati hutumwa upya, hivyo mtandao uliolemewa huweza kuzidi kulemewa. Hali hiyo ilitokea Oktoba 1986 kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani. Umbali haukufika mita 400, lakini kasi ilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Van Jacobson na Michael Karels walichunguza chanzo chake, na suluhisho lilitangazwa mwaka 1988.

Suluhisho hilo liliongezwa katika itifaki ya TCP, yaani kanuni ambazo kompyuta hufuata kutumiana data. Kompyuta inayotuma huanza na pakiti chache, kisha huongeza idadi maradufu kila majibu yanaporudi. Ikikaribia kikomo huongeza kidogo kidogo. Pakiti ikipotea, hupunguza kwa nusu au zaidi. Hakuna msimamizi mkuu anayegawa zamu: kila kompyuta hujizuia yenyewe kwa kusoma dalili za njia.

Mbinu za baadaye zilibadili dalili inayosomwa. BBR, iliyotolewa na Google mwaka 2016, hupima kasi ya njia na muda wa kwenda na kurudi badala ya kungoja pakiti zipotee. Kwa upande wa ruta, Sally Floyd na Jacobson walipendekeza mwaka 1993 mbinu ya RED, inayotupa baadhi ya pakiti kabla foleni haijajaa. Foleni ndefu nazo huchelewesha simu na video hata pasipo pakiti kupotea. Kwa hiyo CoDel, ya mwaka 2012, hupima muda ambao pakiti imekaa foleni, si urefu wa foleni.

Udhibiti hugawa uwezo uliopo, hauuongezi. Mahitaji yakiuzidi daima, hubaki kuongeza kebo au kufupisha njia. Kituo cha KIXP cha Nairobi, kwa mfano, huwezesha kampuni za intaneti za Kenya kubadilishana data humohumo nchini, badala ya kuipitisha ng'ambo kama ilivyokuwa awali.