Wageni Wawili wa Kasisi wa Twywell

Neno letu leo latoka Warumi mlango wa 16, ule mlango wa majina ambao wengi wetu huupita upesi tukidhani hauna chakula. Humo twamkuta Fibi, twawakuta Priska na Akila, na katika aya ya 22 twamkuta Tertio, ambaye mkono wake ndio ulioandika waraka mzima Paulo akimsomea maneno. Ni nani kati yetu amewahi kumshukuru Mungu kwa ajili ya Tertio?

Tuna wenzake wawili Tertio, na ili tuwaone itatubidi twende kwa mawazo hadi Uingereza.

Karibu na mji wa Kettering, katika jimbo la Northamptonshire, kuna kijiji kidogo kiitwacho Twywell. Kina kanisa la kale la mawe, la Mtakatifu Nikolao, na kandokando yake ni mashamba na malisho. Nchi hiyo si ngeni katika habari za Injili. William Carey, fundi wa viatu aliyekwenda India, alizaliwa jimbo hilo mwaka 1761. Na hapo Kettering, mwaka 1792, watu wachache walikutana katika nyumba ya mjane mmoja wakaanzisha chama cha misheni cha Wabaptisti.

Mwaka 1874 parishi ya Twywell ilipewa kasisi Horace Waller, na mwaka huo huo akawapokea wageni wawili kutoka Afrika, Chuma na Susi. Chuma hakuwa mgeni kwake hasa. Alikuwa Myao, aliyeokolewa akiwa mtoto mikononi mwa wauza watumwa mwaka 1861, akalelewa na wamisheni huko Magomero, katika nchi ambayo sasa ni Malawi. Waller alikuwa mmoja wa wamisheni hao. Susi alitoka Shupanga, kando ya mto Zambezi.

Hao ndio waliokuwa viongozi wa safari iliyouleta mwili wa Dakta Livingstone. Alipofariki kijijini kwa Chitambo tarehe 1 Mei 1873, walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, na pamoja na wenzao wakaubeba mabegani kwa muda wa miezi tisa hivi mpaka Bagamoyo. Pamoja na mwili walileta vyombo vyake na madaftari yake. Unguja walilipwa mishahara yao wakaagwa. Maziko yalipofanyika London, katika kanisa la Westminster, tarehe 18 Aprili 1874, katika wale wapagazi wote alikuwapo mmoja tu, Jacob Wainwright, aliyelipiwa nauli na chama cha misheni cha CMS. Chuma na Susi walifika baadaye, kwa fedha za James Young, rafiki wa marehemu. Jambo hilo latuuma hata leo.

Hawakuja Uingereza kutazama mandhari. Ni kweli walipelekwa Newstead Abbey, nyumba kubwa ambamo Livingstone aliwahi kukaa akiandika, wakapigwa picha pamoja na watoto wake Agnes na Thomas. Lakini kwa Waller walikuwa na kazi. Livingstone alipoishiwa karatasi aliandika juu ya magazeti ya zamani, kwa wino wa maji ya mti, na maandishi yalikuwa yamefifia. Tena daftari lake linakoma tarehe 27 Aprili 1873. Siku zake za mwisho na safari yote ya kurudi zilikuwa vichwani mwa watu waliokuwapo. Basi waliketi na kasisi, yeye akiuliza, wao wakieleza. Kitabu kikatoka katika sehemu mbili, na ukurasa wa kwanza wamtaja Livingstone, tena wamtaja Waller, kasisi wa Twywell.

Sisi wa hapa Eldoret tuna mtaa uitwao Pioneer, yaani mtangulizi. Wengi husimulia kwamba mji ulianzia katika shamba nambari 64, ndipo wazee wakauita Sisibo, na kwamba Makaburu walipanda uwanda huu na magari yao ya ng'ombe mwaka 1908. Ni kweli. Lakini mashimo ya Wasirikwa yalikuwapo tayari, na wachungaji walikuwapo. Na je, historia ya makanisa yetu tumeiandikaje? Majina ya wachungaji yamepakwa rangi ukutani. Akina mama waliobeba maji ya kujengea, na mwinjilisti aliyekwenda kwa miguu kabla mchungaji hajafika, wameandikwa wapi? Wengine wao wangali hai, na mtu aweza kuwaendea jioni hii na kalamu.

Chuma na Susi walirudi Afrika. Chuma aliongoza misafara ya wamisheni na ya wavumbuzi, akafa Unguja mwaka 1882. Alikuwa amebatizwa Bombay tangu ujana wake, kwa jina la James. Susi alikwenda Kongo pamoja na Stanley, kisha akatumikia misheni Unguja. Yeye alichelewa sana kubatizwa: ni mwaka 1886, miaka 5 kabla ya kufa kwake, na siku hiyo akapewa jina la Daudi.