Fotoferesi: Damu Inapomulikwa Nje ya Mwili

Kwa maneno ya nuru, mtu wa Busasamana, wilayani Rubavu, hana upungufu. Kinyarwanda kinampa "urumuri". Akivuka mpaka kwenda Goma atasikia "mwangaza". Na tangu 2017, Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda, "mwanga" umeingia hata ofisini. Hata hivyo, "fotoferesi" itamsimamisha.

Neno hilo lina asili ya Kigiriki: "foto" ni nuru, "feresi" ni kuondoa. Kuitenga damu ili kuondoa sehemu yake si jambo geni Rwanda. Tangu Oktoba 2016 ndege zisizo na rubani zimekuwa zikiruka kutoka Muhanga kupeleka damu hospitalini, nayo hufika ikiwa mafungu: chembe nyekundu peke yake, plazma peke yake, chembe sahani peke yake. Katika feresi, mashine hutenga mafungu hayo mgonjwa akiwa bado kwenye mrija, ikachukua linalotakiwa na kumrudishia mengine.

Linalotakiwa hapa ni seli nyeupe.

Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu, uloto uliotoka kwa ndugu zao. Seli shina za mtoaji huandamana na seli nyeupe ziitwazo seli T, askari wa kinga. Pengine askari hao huuona mwili waliohamia kuwa adui, wakaishambulia ngozi, utumbo na ini. Huo ndio ugonjwa wa pandikizi dhidi ya mwenyeji. Tiba ya kwanza huwa steroidi; zikishindwa, fotoferesi ni mojawapo ya njia zinazofuata.

Seli nyeupe zilizotengwa hutiwa methoksisoraleni, dawa ambayo bila mwanga haifanyi kitu. Zikimulikwa kwa miale ya urujuanimno A, dawa huzifunga pamoja nyuzi za DNA, kisha seli hurudishwa mwilini. Seli T zilizoguswa hufa polepole, kwa saa na siku kadhaa. Lakini zinazopita mashineni ni sehemu ndogo tu ya seli T zote, kwa hiyo vifo pekee havitoshi kueleza nafuu. Watafiti wanaeleza kwamba seli nyingine za kinga, ziitwazo dendriti, humeza mizoga hiyo na kutuma ujumbe wa utulivu, na seli T dhibiti huongezeka. Shambulio hupoa bila kinga nzima kulazwa.

Tiba hii haikuanzia kwenye upandikizaji: mwaka 1987 Richard Edelson wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake walichapisha matokeo yake kwa wagonjwa wa limfoma ya ngozi.

Basi tuiiteje? "Tiba ya mwanga" ina mwenyewe: kichanga mwenye manjano hulazwa chini ya taa, na damu yake haitoki mwilini. "Umulikaji wa damu" unaacha utengaji, na kinachomulikwa si damu yote. "Umulikaji wa seli nyeupe nje ya mwili" unasema kweli yote, ila ni mrefu kwa cheti cha hospitali. Cheti na kiandikwe "fotoferesi". Maneno hayo marefu ayapate mgonjwa, kabla hajaunganishwa na mashine.