Nani Alikuwa Shahidi?

Mwaka jana nilinunua simu kupitia WhatsApp. Nilipotuma pesa tu, muuzaji akatoweka. Babu, huko Kabezi, aliniuliza: "Nani alikuwa shahidi?" Nikanyamaza.

Zamani katika Burundi, ng'ombe au shamba viliuzwa mbele ya bashingantahe, wazee walioaminiwa na jamii. Pombe ya ndizi ilinywewa, na ugomvi ukizuka, wao ndio waliokata shauri. Utawala wa Wabelgiji uliwadhoofisha kwa machifu na mahakama zake. Mkataba wa Arusha wa 2000 ulitaka baraza hilo lirudishiwe heshima. Sisifu yote, maana lilikuwa baraza la wanaume. Ila mashahidi walijua kwao muuzaji. Mimi wangu namjua kwa picha tu, nayo sijui ni ya nani.