Chonge ya Binti Yangu

Wazee wetu wa Pwani waliyasoma meno ya mtoto kama watu wasomavyo nyota. Aliyeanza kuota meno ya juu kabla ya ya chini aliitwa kigego, akahesabiwa kuwa ni mkosi. Zamani wapo waliotupwa au kuuawa kwa sababu hiyo tu. Mwenye mwanya, kinyume chake, alisifiwa kwa uzuri, na husifiwa hata leo.

Nilipokuwa mwalimu kijana nikiishi Temeke nilidhani mambo hayo yamekwisha. Kumbe katika miaka ya 1980 ilienea imani nyingine, ya meno ya plastiki, ambayo wengine waliyaita meno ya nailoni. Mtoto mchanga akipata homa na kuharisha, ufizi wake ulitazamwa. Palipoonekana uvimbe mweupe ikasemwa hilo ni jino baya, litamwua lisipotolewa. Mganga alilichimbua kwa wembe au spoku ya baiskeli, bila ganzi. Wako watoto waliokufa.

Uvimbe ule si kitu ila chonge za utotoni, ambazo kila mtoto anazo na hutoka zenyewe apatapo mwaka mmoja na nusu hivi. Jirani yake kabisa limelala chipukizi la chonge ya ukubwani. Likijeruhiwa, jino hutoka na kasoro au halitoki kabisa, na meno ya kando huegemea pengo, safu nzima ikapinda.

Mwaka 1986 mama mkwe alimbeba binti yetu wa miezi sita kwenda kwa mganga. Mimi, mwenye cheti cha ualimu, nilinyamaza. Kuharisha kulikoma, kama kunavyokoma mara nyingi, na sifa akapewa mganga.

Alipofika miaka 12 chonge ya kushoto haikutoka. Akazoea kucheka mkono ukiwa mdomoni. Nilimpeleka Muhimbili, ambako mafunzo ya udaktari wa meno yalianza mwaka 1979. Daktari alinieleza kwamba Mmarekani Edward Angle, mwaka 1899, aliyagawa matatizo ya kuumana kwa meno katika mafungu matatu, akipima kwa magego ya kwanza ya ukubwani: taya la chini limerudi nyuma, limetangulia mbele, au magego yanakutana sawasawa ila meno mengine yamepotoka. Magego ya binti yangu yalikutana sawasawa. Taya alilopewa na Mungu halikuwa na kosa.

Waya za kunyooshea meno zilikuwa mbali na mshahara wangu.

Sasa naye ni mama. Mwanawe alipoanza kuvimba ufizi, hakuniachia mtoto hata saa moja.