Creek: Jina la Kijito, Mzigo wa Taifa

Jina Creek, la wenyeji asilia wa kusini-mashariki mwa Marekani, lilianzia midomoni mwa wafanyabiashara wa Kiingereza wa Charleston. Mwishoni mwa karne ya 17 walipeleka bunduki, nguo na shoka bara, wakarudi na ngozi za kulungu na mateka wa kuuzwa utumwani. Baadhi ya wateja wao wakubwa walikuwa wamehamia kandokando ya mto Ocmulgee, katika Georgia ya leo, ambao Waingereza waliuita Ochese Creek, yaani kijito cha Ochese. Wakaitwa watu wa kijito cha Ochese, kisha Creek tu. Baada ya vita vya Yamasee kuzuka mwaka 1715, walirudi magharibi kwenye mto Chattahoochee. Kijito wakakiacha, jina likawafuata.

Halikuishia kwao. Waingereza walilitandaza hadi kwa watu wa mito ya Coosa na Tallapoosa, huko Alabama, wakawaita Creek wa Juu, na wale wa Chattahoochee wakawa Creek wa Chini. Wenyewe hawakujihesabu hivyo. Mtu alikuwa wa ukoo wa mama yake na wa mji wake, talwa, wenye baraza, uwanja na moto wake mtakatifu: Coweta, Cusseta, Tuckabatchee, Abihka. Wengi walisema Kimuscogee, lakini miongoni mwao walikuwamo pia wasemaji wa Kihitchiti, Kialabama na Kiyuchi, na Wanatchez waliokimbia vita na Wafaransa. Ulikuwa muungano wa miji uliojua kupokea wageni, na kwangu hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Waliohamia Florida walikuja kujulikana kama Waseminole.

Jina moja juu ya miji mingi liligeuka hatari mwaka 1813. Wapiganaji walioitwa Fimbo Nyekundu, wengi wao kutoka miji ya Juu, waliinuka dhidi ya walowezi na dhidi ya ndugu zao waliofuata njia za Wamarekani. Tarehe 27 Machi 1814, huko Horseshoe Bend, Jenerali Andrew Jackson wa Marekani aliwashinda, na zaidi ya 800 waliuawa. Upande wake walipigana Wacherokee na Wacreek wa miji ya Chini. Mwezi Agosti, katika mkataba wa Fort Jackson, Marekani ilichukua takriban ekari milioni 23. Ardhi hiyo ilikuwa ya maadui na ya marafiki, na wengi wa machifu waliotia sahihi walikuwa wale wale waliompigania Jackson. Mkataba ulisema Creek, basi Creek wote wakalipa. Ilikuwa dhuluma ya wazi.

Mwaka 1825 hila ikaja kwa mlango mwingine. Chifu William McIntosh wa Coweta, pamoja na wenzake wachache, alitia sahihi mkataba wa Indian Springs kuiuza ardhi kwa jina la taifa zima. Baraza la taifa lilikuwa limeweka adhabu ya kifo kwa kosa hilo, na tarehe 30 Aprili watu wakiongozwa na Menawa walimuua nyumbani kwake. Hata hivyo ardhi haikupona. Kuanzia 1836 jeshi liliwahamisha maelfu kwa nguvu hadi ng'ambo ya Mississippi, katika Oklahoma ya leo, na wengi walikufa safarini au mara tu walipofika.

Huko Oklahoma jina lililowagharimu liligeuka ngao. Mwaka 2020, katika kesi ya McGirt, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba hifadhi iliyoahidiwa Wacreek katika mikataba ya karne ya 19 haijawahi kufutwa kisheria. Mwaka uliofuata serikali yao ilianza kujitambulisha hadharani kama Taifa la Muscogee, ingawa Creek imebaki katika jina la kikatiba. Wacreek wa Poarch, waliosalia Alabama na kutambuliwa na serikali ya Marekani mwaka 1984, bado wanajiita Creek.

Wapo pia Wacreek weusi. Baadhi ya Wacreek walimiliki watumwa, na mkataba wa 1866 uliwapa walioachwa huru na wazao wao uraia kamili. Katiba ya Taifa la Muscogee ya 1979 ikawafungia nje kwa kudai nasaba ya damu. Mwezi Julai 2025 mahakama ya juu kabisa ya taifa hilo iliamua kwamba mkataba wa 1866 ungali na nguvu, na kwamba wazao hao wana haki ya kuwa raia.